Ukurasa wa Vipimo: Kanzu Haipimwi Kuanzia Kofiani

Mwaka jana ukurasa huu ulishughulika na pishi na kibaba, na barua zilizokuja zilionyesha wazi kuwa kina mama wanaijua pishi kuliko sisi tuliosomea hesabu. Mwaka huu swali limetoka upande mwingine kabisa, kwa vijana wetu wanaowinda, nalo ni hili: risasi inaposhindiliwa katika ganda lake, ikae kina gani, na kina hicho hupimwaje? Wako watakaouliza, Mwalimu na baruti wapi na wapi? Jawabu langu ni kwamba baruti ni robo tu ya habari hii. Robo tatu ni kipimo, na kipimo ndiyo kazi niliyoifanya umri wangu wote.

Huku Marekani mtu kujitengenezea risasi mwenyewe, kwa matumizi yake, ni jambo la kawaida wala halihitaji leseni ya taifa. Kuzitengeneza kwa kuuza ndiko kunakohitaji. Ganda la shaba likishafyatuliwa huokotwa, husafishwa, hupitishwa katika kalibu lirudi umbo lake, hutiwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha risasi mpya hushindiliwa mdomoni. Vijana hufanya hivyo kwa sababu ni rahisi kidogo kwa mfuko, na zaidi kwa sababu risasi iliyofanywa kwa bunduki ile ile hupiga karibu zaidi na pale ilipoelekezwa. Hilo la pili nalipenda. Mwenye kuwinda ili ale halali anataka mnyama aanguke pale pale, wala asiteseke porini akiwa na jeraha, na yeye amwahi kwa kisu kama bado ana uhai.

Kabla sijaendelea, neno moja la sheria, maana baadhi ya vijana wetu bado wako katika viza. Mwenye viza ya muda, kama vile mwanafunzi, sheria ya taifa inamkataza kumiliki bunduki na hata risasi zake, isipokuwa akiingia katika misamaha michache, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na hati za ukaazi hana hata msamaha huo. Mwenye kadi ya kijani hahusiki na katazo hilo. Na kila jimbo lina yake juu ya hayo. Basi kijana asianze kununua mitambo kabla hajajijua yuko fungu gani.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Wazee wetu waliokuwa na gobori walitia baruti kwa mdomo wa mtutu, kisha wakashindilia risasi kwa mdeki mpaka ikakaa juu ya baruti. Katika gobori hatari ni risasi kubaki katikati ya njia, pakawa na uwazi kati yake na baruti. Ndiyo maana hata leo wanaopiga bunduki za namna hiyo hutia alama kwenye mdeki, wakiingiza waone kama risasi imefika chini. Bunduki za siku hizi hushindiliwa kwa nyuma na baruti imefungwa ndani ya ganda, lakini swali la mdeki halikuondoka. Risasi imefika wapi?

Imekaa baina ya pande mbili. Nyuma, kitako chake kimeingia ndani ya ganda na kimechukua sehemu ya nafasi ya baruti. Mbele, pua yake inaelekea kwenye koo la mtutu, pale yanapoanza yale matuta yaliyochongwa kwa mzunguko ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Ukiishindilia sana, nafasi ya baruti inapungua. Ukiiacha nje sana, pua inagusa matuta kabla hata ya kufyatuliwa. Kati ya hapo kuna nafasi ndogo ambayo risasi huiruka kabla ya kuuma matuta, na nafasi hiyo ndiyo inayosumbua watu.

Kina chenyewe hupatikana kwa hesabu ya darasa la nne. Chukua urefu wa ganda, ongeza urefu wa risasi, toa urefu wa vyote viwili vikiwa vimeshaunganishwa. Tuseme ganda la .308 Winchester limekatwa likawa inchi 2.005, na risasi ni inchi 1.215, jumla ni 3.220. Vikiunganishwa vikawa 2.805, basi inchi 0.415 za risasi zimo ndani ya ganda. Wamarekani wanapima kwa inchi na sehemu zake za elfu, nasi hatuna budi kuwafuata, maana vitabu vyote vya kazi hii vimeandikwa hivyo. Sehemu moja ya elfu ya inchi ni milimita 0.0254. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo.

Uzito nao wanaupima kwa greni, na greni 7,000 hufanya ratili moja ya Kiingereza. Waliokulia karibu na masonara watafurahi kujua kuwa tola ya dhahabu, ile ile ambayo ndugu zetu wa Dubai huiona kwenye vipande vya tola kumi, ni greni 180 barabara. Risasi ya greni 180 ni ya siku nyingi katika bunduki za .30-06. Kwa hiyo kila inapofyatuliwa inatoka tola moja kamili. Bahati njema si ya dhahabu.

Tatizo linaanzia kwenye kalipa. Kijana ananunua kalipa, anaweka kitako cha ganda kwenye taya moja na ncha ya risasi kwenye taya ya pili, anasoma. Anafungua kitabu na kukuta urefu mkubwa kabisa wa .308 ni inchi 2.810, na wa .30-06 ni 3.340. Namba hizo ni za SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa bunduki na risasi iliyoundwa mwaka 1926, nazo ni za kweli na za kuheshimiwa. Lakini zinajibu swali moja tu: je, kitu hiki kitaenea katika magazini na katika bunduki za kawaida? Hazisemi pua ya risasi yako iko umbali gani na matuta ya mtutu wako.

Fikirini fundi cherehani. Mteja anaingia amevaa kofia ndefu ya kiua, na anayemfuata amevaa kofia fupi. Fundi akiwapima kuanzia utosini mwa kofia hadi kifundo cha mguu, wote wawili watapata namba moja, na kanzu ya mmoja itaburura chini. Hakuna fundi afanyaye hivyo. Hupima kuanzia begani, kwa sababu kanzu inaning'inia begani. Ncha ya risasi ndiyo kofia. Haigusi chochote ndani ya mtutu. Kinachogusa ni pale pua inapokuwa imenenepa kufikia upana wa matuta. Wenyewe mahali hapo hupaita ojaivu.

Na kofia zenyewe hazilingani. Risasi za ncha laini hupondeka ncha zikiwa ndani ya boksi. Zile zenye tundu nchani hutoka kiwandani zikiwa na midomo iliyopishana. Pima kumi za boksi moja utaona urefu unacheza. Halafu angalia kalibu ya kushindilia: kile kichuma kinachosukuma risasi kwa kawaida hakiigusi ncha, hukaa chini yake, kwenye mzunguko wa pua. Hivyo risasi kumi zinaweza kuwa zimeshindiliwa sawasawa kabisa, ilhali kalipa iliyowekwa nchani inadai zimepishana sehemu 8 au 10 za elfu. Kijana anaiamini kalipa, anakaza skrubu, analegeza, anakaza tena, mpaka kazi iliyokuwa nzuri inaharibika. Anakimbiza kofia.

Mwaka 2019, siku chache kabla ya msimu wa kulungu, alinijia kijana mmoja wa jamaa zetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Mbona uso umekukunjamana?"

Akaeleza kuwa shemeji yake amempa risasi ishirini alizozitengeneza mwenyewe, za .308, na yeye ana bunduki ya .308. Alipokwenda uwanja wa shabaha akaingiza ya kwanza, komeo likagoma kidogo kabla ya kufunga. Akaitoa, na akafanya vyema kuitoa.

"Nimezipima, Mwalimu. Ni inchi 2.800, hazijapita kitabu. Nikilisukuma komeo kwa nguvu, litafunga?"

"Litafunga. Ndiyo maana nakwambia usilisukume."

Nilimkataza kabisa kuingiza risasi hai katika bunduki ndani ya nyumba ya watu. Tukampigia simu shemeji, akaleta ganda tupu la fungu lile lile, lililokwisha kupita katika kalibu, na risasi moja ya kuigiza, yaani haina baruti wala fataki. Hapa mwalimu wa hesabu anarudi kwenye desturi yake ya kuondoa jambo moja moja. Ganda tupu liliingia na komeo likafunga bila neno. Basi kosa si la ganda. Tukaipitisha ile ya kuigiza juu ya moshi wa mshumaa mpaka pua ikawa nyeusi, tukaiingiza taratibu, tukaitoa. Kwenye masizi palikuwa na vikwaruzo vinne vidogo, vimepangana kuizunguka pua. Matuta yalikuwa yameshika risasi.

Tulipopima koo la kila bunduki, kwa njia nitakayoieleza, koo la bunduki ya kijana lilikuwa fupi kuliko la shemeji kwa sehemu 38 za elfu. Shemeji alikuwa ameacha nafasi ya sehemu 20 katika bunduki yake, na kwake kazi ilikuwa safi. Katika bunduki ya pili, nafasi hiyo iligeuka kuwa msukumo wa sehemu 18 ndani ya matuta. Kalipa ya nchani ilisema 2.800 kwa wote wawili na haikusema uongo. Iliulizwa swali lisilohusu.

Shemeji alinuna, nami simlaumu, maana zawadi ni zawadi na kurudishiwa kunauma. Lakini tazameni kingetokea nini. Risasi inayoruka nafasi kidogo huanza mwendo kabla ya kuuma matuta. Iliyokwisha kubanwa haina mwendo huo, na mvuke wa baruti unapanda kwa haraka na kufika juu zaidi. Mpaka uliowekwa kwa .308 ni paundi 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari lina kama 35. Mwenye kupakia karibu na mpaka huo akiwa na nafasi, kisha nafasi ikaondoka bila ya yeye kupunguza baruti, ameshauvuka na hajui. Na hata asipofyatua ana taabu nyingine: jioni akivuta komeo kutoa risasi, ganda linatoka na risasi inabaki imenasa kooni, na baruti inamwagika ndani ya mitambo ya bunduki. Hapo uwindaji wa siku ile umekwisha.

Sasa njia ya kupima. Hakikisha kwanza bunduki ni tupu, na mezani hapana baruti wala risasi hai. Chukua fimbo nyoofu ya kusafishia mtutu yenye ncha bapa. Funga komeo, bunduki ikiwa imekokiwa ili pini isichomoze, ingiza fimbo kwa mdomo wa mtutu mpaka iguse uso wa komeo, na utie alama ndogo kwenye fimbo pale inapokutana na mdomo wa mtutu. Toa komeo. Ingiza risasi peke yake, bila ganda, kwa nyuma, uisukume kwa penseli taratibu mpaka ipate matuta, uishikilie hapo kwa penseli. Ingiza fimbo tena mpaka iguse ncha ya risasi na utie alama ya pili. Umbali baina ya alama mbili ni urefu ambao, kwa risasi ile na bunduki ile, pua inagusa matuta. Rudia mara tano. Ukisukuma penseli kwa nguvu risasi itajikita na namba itadanganya. Mkono uwe mwepesi kama wa mtu anayepima homa ya mtoto.

Wengine hulipasua shingo la ganda kwa msumeno mwembamba, huweka risasi ikiwa imechomoza sana, na kuacha matuta yenyewe yairudishe ndani komeo linapofungwa. Ni njia nzuri, ila wakati wa kutoa risasi inaweza kuvutwa kidogo na matuta, na kipimo kikawa kirefu kuliko kweli. Viko pia vifaa vya kununua vinavyofanya kazi ya penseli na fimbo kwa pamoja.

Lakini namba hiyo bado ni ya kofia. Chukua risasi ile ile uliyopimia, itie katika ganda lisilo na baruti wala fataki kwa urefu ule ule, kisha uifunge kwenye taya ya kalipa nati ya kupimia. Hiyo ni nati yenye tundu linalokaribia upana wa matuta. Pua inaingia ndani ya tundu na kusimama palipo na ojaivu. Tuseme alama za fimbo zilitoa 2.835, na nati ikasoma 2.215. Hii 2.215 ndiyo namba ya bega. Ukitaka nafasi ya sehemu 30 za elfu, shindilia mpaka nati isome 2.185. Ncha itakuwa karibu na 2.805, na ikipishana kidogo kati ya risasi moja na nyingine, iache. Namba ya nati haina maana nje ya nati yenyewe. Ya jirani yako ina tundu lake, na itasoma vingine kwa risasi ile ile.

Waliopita maabara ya sekondari wanakumbuka kalipa ya venia, ile isiyo na betri. Mfaransa Pierre Vernier aliitangaza fikra yake mwaka 1631, na kwa fikra hiyo milimita 9 hugawanywa sehemu 10, kila sehemu huwa milimita 0.9, na mstari unaolingana na wa kipimo kikuu hukupa sehemu ya kumi ambayo jicho lisingeweza kuikadiria. Mwaka 1851 Joseph R. Brown wa Rhode Island akaitia katika kalipa ambazo fundi wa kawaida angeweza kuzinunua. Siku hizi kalipa ina kioo na tarakimu, na vijana huiamini kama hati. Nasi tulifundishwa kuifuta taya, kuifunga na kuangalia kama inasoma sifuri kabla ya lolote. Neno sifuri limetoka katika Kiarabu na Waingereza pia walilichukua wakaligeuza. Lakini nimeona wengi wasiokumbuka kuliangalia.

Nafasi iwe kiasi gani? Kwa bunduki ya kuwindia, wengi huanzia sehemu 20 mpaka 50 za elfu, na risasi za shaba tupu zisizo na kiini cha timbo hupewa nafasi ya mwisho huo au zaidi. Wanaoshindana shabaha wako wanaogusisha matuta kwa makusudi, lakini wao hupakia moja moja, hupunguza baruti na kupanda polepole, wala hawapandi mlima na risasi hiyo. Magazini nayo ina neno: risasi isiyoenea ndani yake haikufai kitu, hata kipimo chake kiwe kizuri namna gani. Na ukibadilisha risasi kwa aina nyingine, ya uzito ule ule hata, umebadilisha pua, umebadilisha bega. Anza upya kupima, na anza upya chini katika baruti kama kitabu kinavyoagiza. Usikae mbali na kitabu kwa ajili ya nafasi. Baadhi ya mitutu, kama ya Weatherby, ilichongwa makoo marefu kwa makusudi, na mwenye kuyafukuza matuta katika bunduki hizo atakuta risasi inakaribia kutoka ganda kabla ya kufika.

Koo halibaki mahali pake. Moto wa baruti unalila kidogo kidogo, na matuta yanarudi nyuma kuelekea mdomo wa mtutu. Aliyepima 2.215 mwaka huu huenda akapata 2.222 baada ya mamia ya risasi, naye asishangae. Kwa hiyo nawaomba vijana waandike daftarini: tarehe, namba ya bunduki, aina na uzito wa risasi, namba ya nati wakati inagusa, namba waliyoshindilia, na idadi ya risasi zilizopita mtutuni. Na juu ya kila boksi waandike jina la bunduki moja iliyokusudiwa. Shemeji wetu, baada ya kununa kwake, siku hizi huandika kwa wino mwekundu, na mwaka uliofuata alimkaribisha yule kijana mezani kwake, wakazitengeneza ishirini nyingine kwa koo la bunduki ya kijana.

Mwakani, tukijaaliwa, tutarudi kwenye pishi ya zakatulfitri, kwa kuwa wasomaji watatu wameuliza kwa nini mchele wa huku, ukipimwa kwa pishi moja, hautoi uzito mmoja. Wanaotaka kuleta vipimo vyao wavilete kabla ya Shaabani, na wataje aina ya mchele.